Kumtoa Mtu Mchezoni

Kuna maneno niliwahi kumwambia rafiki yangu ambayo ukiyasoma hapa utaona ni sifa tu. Nilimwambia, "Mwanangu, leo sevu yako inatisha. Hivi kile kiwiko unakifanyaje pale juu?" Tulikuwa tunabadilishana upande. Seti ya kwanza alikuwa ameshanifunga 6-2 na ya pili alikuwa anaongoza 4-1. Alicheka, akafuta jasho kwa fulana, akasema hata yeye hajui, kinaenda chenyewe. Kisha akaenda kusevu, nami nikamwona anakitazama kiwiko.

Hakushinda tena gemu yoyote aliyosevu siku ile. Seti ya pili nikaichukua 6-4, ya tatu 6-1.

Sisi wawili tulikuwa watoto wa pamba. Yeye wa Maswa, mimi wa Bariadi, enzi hizo kwetu bado kunahesabiwa mkoa wa Shinyanga, kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012. Raketi tulizishika kwa mara ya kwanza chuoni Dar es Salaam, kwenye kiwanja cha saruji chenye nyufa na wavu ulioshikiliwa na kamba ya katani. Mama yake alipoambiwa kwamba mwanawe anacheza tenisi alidhani ni ile ya mezani. Tulijifunza pamoja, tukachangiana mipira, hata viatu tuliazimana. Halafu ikabaki nafasi moja kwenye timu ya kwenda mashindano ya vyuo, na wa kuigombea ni sisi. Katika mechi zetu za kawaida alikuwa ananifunga mara tatu kati ya nne. Nilijua hesabu hiyo vizuri, ndiyo maana nikafungua mdomo.

Hila yenyewe sikuibuni. Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi wa Marekani, anaitaja katika kitabu chake The Inner Game of Tennis cha mwaka 1974: mpinzani wako akiwa moto, muulize tu leo anafanya nini hadi mipira inamkubali hivyo. Gallwey anaona kwamba ndani ya mchezaji kuna watu wawili, mmoja wa kuamrisha na kusimanga, mwingine wa kutenda, na huyu wa kutenda anaijua kazi yake mradi yule wa kwanza anyamaze. Ukimsifu mtu na papo hapo ukamuuliza namna anavyofanya, umemwamsha msemaji. Anayetaka mfano wa karibu awatazame vijana wa bugobogobo wanavyorusha majembe na kuyadaka ngoma ikiwa imepamba moto. Muulize mmoja wao, katikati ya wimbo, huwa anaangalia wapi jembe likiwa hewani. Ila ukishauliza, sogeza miguu.

Gallwey alitaka tuelewe akili inavyofanya kazi. Mimi niliyachukua maneno yake kama mtu anayesoma kitabu cha famasia akitafuta sumu.

Sasa swali ni hili: akili ya mpinzani ni sehemu ya uwanja, au siyo? Wengi watajibu haraka kwamba ni sehemu, tena ndiyo kubwa. Tenisi ni mchezo wa upweke. Huna mwenzako wa kumpasia mpira ili upumue, na kwa miaka mingi kanuni zilimkataza hata kocha aliyekaa jukwaani kukunong'oneza neno. Hakuna dakika tisini za kuzivumilia mpaka refa amalize. Unaweza kuongoza kwa mbali na bado ushindi ukawa haupo, kwa sababu pointi ya mwisho lazima uipate mwenyewe. Fainali ya Wimbledon ya mwaka 1993, Jana Novotná alikuwa anamwongoza Steffi Graf 4-1 katika seti ya tatu, na pointi moja tu ingempa 5-1. Sevu zote mbili zikaharibika. Hakupata gemu nyingine mpaka mwisho. Hakuna aliyemsemesha, hakuna aliyemuuliza habari za kiwiko.

Basi kama akili inaweza kuvunjika yenyewe bila kuguswa, kuna ubaya gani mtu akiigusa kidogo? Hivyo ndivyo nilivyojitetea. Si utetezi mbaya sana, kwa kweli. Mpaka leo nikiusikia kwa mtu mwingine huwa nakaribia kukubali.

Julai ya mwaka ule nilirudi Bariadi, nikaenda kijijini kwa babu. Babu ujanani alikuwa mcheza ngoma upande wa Wagika. Kwa asiyejua, Usukumani kuna vyama viwili vikubwa vya ngoma, Wagika na Wagalu. Masimulizi yanavirudisha hadi karne ya 19, kwa Ngika na Gumha, wachezaji waliokuwa pia waganga, walioshindana nani kati yao ana dawa kali zaidi. Mashindano huchezwa baada ya mavuno, na utaratibu wake unanishangaza kuliko ule wa Wimbledon. Makundi mawili yanacheza wakati mmoja, uwanja mmoja, kila moja upande wake. Hakuna kupokezana, hakuna kusubiri mwenzako amalize. Ubao wa matokeo ni watazamaji wenyewe. Ukicheza vizuri wanakujia. Mwenzako akileta jambo wanakukimbia huku vumbi linatimka, unabaki unaimba mbele ya watoto watatu na mbwa. Mwenye watu ndiye mshindi.

Hebu fikiria akili ya manju katika hali hiyo. Mchezaji wa tenisi huambiwa amefungwa baada ya mpira kutua. Manju anaona migongo ya watu ikimwacha wakati bado ana ubeti mdomoni, na anatakiwa aumalize kwa sauti ileile. Ndiyo maana watu walianza kuleta nyoka: mtu anaingia uwanjani na chatu shingoni, nani atabaki kwako hata uwe na sauti ya namna gani? Na ndiyo maana kuna dawa. Ipo ya kuvuta watu, huitwa samba, na zipo za kumharibia mwenzako. Ng'wana Malundi, manju ambaye jina lake bado linatajwa Usukumani kote, wanasimulia kwamba akiunyooshea mti kidole unakauka. Sasa wewe uko upande wa pili wa uwanja, unajiandaa kuimba, na habari ya mti unayo.

Nikadhani kwa babu nimefika kwa mwenzangu. Nilimsimulia mechi yote kwa majivuno, nikimtafsiria sevu ni nini, seti ni nini, na nikaitia chumvi sehemu ya kiwiko. Alikuwa anapukuchua mahindi. Alicheka sana, mpaka akakohoa. Akauliza kijana huyo ni wa nani, wa Maswa ipi. Kisha:

"Na yeye alijua kwamba umemchezea?"

"Hapana babu. Alidhani namsifu."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

Akapukuchua gunzi moja lote kabla ya kusema, "Sisi tukimwekea mtu dawa tulikuwa tunamtangazia."

Hakuongeza kitu. Tukaanza kuzungumza bei ya pamba.

Sentensi ile nilikaa nayo miaka. Mwanzoni niliona ni kisa tu cha wazee. Baadaye nikaanza kuelewa kwamba dawa ya ngoma, iwe inafanya kazi au haifanyi, inahitaji kutangazwa. Manju anajisifu nayo katika wimbo. Kijiji kizima kinajua mwaka huu alilala kwa mganga gani. Asipotangaza, nani aogope? Na kwa kuwa imetangazwa, mwenzake ana la kufanya: atatafuta mganga wake, au atatunga ubeti wa kumkejeli mganga wa jirani, au atakaza roho aimbe hivyohivyo. Vita ilikuwa kwenye akili, sikatai, tena vita chafu wakati mwingine. Lakini aliyepigwa alijua kwamba anapigwa, na anajua na nani.

Nimejaribu kipimo hicho kwenye tenisi yenyewe. Mwaka 1989, mashindano ya wazi ya Ufaransa, Michael Chang akiwa na miaka 17 alikutana na Ivan Lendl, namba moja wa dunia. Seti ya tano misuli imemkaza, kusimama kwenyewe shida. Akasevu mpira mmoja kutoka chini, kama mtoto. Ilipofika pointi ya ushindi, Lendl akiwa amebakiza sevu ya pili, Chang akasogea mbele mno, karibu na mstari wa boksi la sevu. Lendl akakosa. Wapo walioona kijana yule amemkosea heshima mkubwa wake. Mimi sioni hivyo. Kila alichofanya alikifanya mbele ya macho ya Lendl, na jibu lilikuwepo: ingiza mpira ndani.

Au Arthur Ashe, ambaye tuna sababu ya kumkumbuka hata huku, maana mwaka 1970 alipita Tanzania katika ziara yake ya Afrika pamoja na Stan Smith. Tarehe 5 Julai 1975 alicheza fainali ya Wimbledon na Jimmy Connors, bingwa mtetezi, kijana aliyependa mipira ya kasi ili airudishe kwa kasi zaidi. Ashe alimnyima kasi. Akampa mipira laini, ya chini, ya pembeni. Wakati wa kupumzika alikaa kitini amefumba macho kabisa, kana kwamba Connors hayupo. Matokeo yalikuwa 6-1, 6-1, 5-7, 6-4. Akili ya Connors ilichezewa siku ile, lakini tazama seti ya tatu: alipata nafasi ya kutafuta jibu, na kwa seti nzima alilipata.

Rafiki yangu angejibu nini? Niambieni. Mtu amekusifia kiwiko.

Na hapa kuna jambo linalonisumbua zaidi ya hila yenyewe. Sikumdanganya. Sevu yake siku ile ilikuwa inatisha kweli, sijawahi kuiona tena ya namna ile kwenye kiwanja chetu. Kwa hiyo siwezi kusema kosa langu lilikuwa uongo, kisha nikatubu uongo, yakaisha. Nilisema ukweli mtupu, kwa sauti ya rafiki. Angeuliza swali lile mtu asiyemjua, angemjibu "achana na mimi" na kusevu. Aliuliza mtu aliyevaa viatu vyake. Nilichotumia kumfungia kilikuwa cha kwetu wawili, na hakikuletwa uwanjani kwa ajili ya mechi.

Mtu mmoja niliyemweleza haya aliniambia najipa umuhimu bure: mchezaji anayeanguka kwa sentensi moja angeanguka tu, kama siyo kwako basi kwa mwingine. Inawezekana. Ila hayo ndiyo maneno ya mwizi kuhusu kufuli.

Timu niliingia. Kwenye mashindano nilitolewa mechi ya kwanza, na hapo hakuna cha kusimulia. Yeye aliendelea kucheza kama mwaka mmoja. Ile sevu haikurudi. Alikuwa anarusha mpira juu, anasita, anaudaka, anaurusha tena. Kuna siku alisimama pale mstarini akaudaka mara nne, watu wakaanza kucheka, na mimi nilikuwa nimekaa benchi karibu kabisa. Baadaye akaiacha raketi. Sasa ni mwalimu huko kwetu, ana familia, na sidhani kama kuna usiku anakosa usingizi kwa ajili ya tenisi. Anayekosa ni mwingine.

Kila tukikutana na watu wapya ananitambulisha vilevile: "Huyu ndiye mtu pekee duniani aliyewahi kuisifia sevu yangu." Anasema kwa furaha ya kweli. Ni kitu alichobaki nacho kutoka miaka ile, na ndicho nitakachomnyang'anya siku nikimweleza. Nimejiuliza kama kumwambia ni kwa faida yake au ni mimi nataka kupumua. Nimeshindwa kupata jibu ninaloliamini, kwa hiyo nimekuwa nikikaa kimya, na kimya hicho nacho naona kama ni ile mechi inaendelea, yeye bado hajui kwamba tunacheza.

Mwaka jana, msimu wa ngoma, tulikwenda pamoja kijiji kimoja nje kidogo ya mji wa Bariadi. Tulikuwa tumesimama kwa kundi moja zuri tu, manju wao mzee kidogo, sauti imekwaruza lakini inashika. Ghafla upande wa pili wakatoa chatu. Umati ukahama. Rafiki yangu akanivuta mkono tukimbie na wengine, nami nikageuka nyuma kumwangalia yule mzee. Alisimama kidogo, akashika kiuno, akamtazama yule nyoka kwa makini kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Akatema mate pembeni, akacheka, akawageukia vijana wake na kuanzisha wimbo mwingine.

Tulipofika kwa chatu, katikati ya makelele, rafiki yangu aliniinamia sikioni.

"Hivi siku ile ulikuwa unaona nini hasa kwenye kile kiwiko?"

Huniuliza karibu kila mwaka. Nilionyesha masikio, kwamba ngoma zimezidi, sisikii.

Blogu hii huwa anaisoma, mimi ndiye niliyemtumia kiungo chake. Na hii nayo nitamtumia.