Hajiri Aliulizwa Atokako

Somo: Mwanzo 16:7–13, 21:14–19

Wiki hii sitahubiri juu ya jambo la mbali. Dada mmoja, na jina lake tuliache, alikuja kuniona baada ya ibada ya katikati ya wiki. Alizaliwa Tanga. Aliolewa hapa Mombasa miaka tisa iliyopita, ndoa halali na cheti anacho. Mwaka jana mume alihamia Likoni, yeye akabaki na watoto wawili kwenye chumba cha kupanga huku Mji wa Kale. Hawajaachana kisheria, lakini hawaishi pamoja tena.

Sasa anataka kuomba uraia. Mume amemwambia, "Jaza kwamba tunaishi pamoja, mimi nitatia sahihi." Dada akaniuliza, "Mchungaji, na kanisa je, mtaniandikia barua ya kuthibitisha hivyo? Ni dhambi kweli, na miaka tisa nimeishi nayo?"

Swali hilo lilininyima usingizi, manake si swali jepesi.

Kwanza tujue sheria inasemaje. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 15, inampa haki ya kusajiliwa kuwa raia mtu aliyedumu kwenye ndoa na Mkenya kwa miaka saba au zaidi, akiomba. Lakini Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inataka pia kwamba wakati wa kuomba wanandoa wawe wanaishi pamoja. Kwa upande mwingine, kifungu cha 13 kinasema uraia haupotei kwa sababu ndoa imevunjika. Basi tazama: aliyeomba mapema, nyumba yake ikivunjika leo, anabaki raia. Aliyechelewa, pengine kwa kukosa nauli au kwa kuambiwa na mume "ngoja kwanza", anabaki mlangoni. Miaka ni ileile na machozi ni yaleyale.

Kwa hivyo sitamlaumu anayesema, "Sheria inauliza habari za siku moja, haiulizi habari za miaka tisa." Huyu dada amemuuguza mama mkwe mpaka kaburini. Alfajiri anakaanga mahamri watoto wapate karo. Na mtu atanikumbusha Rahabu: si alidanganya, na Mungu akamhesabia mema?

Ni kweli. Lakini Rahabu alisimama kati ya upanga na shingo za watu, na hakuwa na mlango mwingine. Hapa upo mlango mwingine, nitausema. Tena hebu tujiulize, uongo huu utakaa mikononi mwa nani? Utakaa mikononi mwa mume. Siku watakapogombana juu ya matumizi ya watoto, atasema, "Nyamaza, nisije nikakutoboa." Kifungu cha 17 cha Katiba kinaruhusu uraia huo kufutwa ukipatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo la maana. Anadhani amepata uhuru, kumbe amefungwa kamba, na anayeishika ni yule aliyemwacha. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema.

Sasa mwangalie Hajiri. Mgeni, Mmisri, ndani ya nyumba ya watu. Mambo yakaharibika, akakimbilia jangwani. Malaika akamuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. Ndiyo maswali ya kila fomu ya uhamiaji! Hajiri hakusema nyumbani kuna amani. Alijibu kwamba anamkimbia bibi yake. La aendako hakulijibu, kwa sababu hakulijua. Na juu ya jibu hilo la aibu ndipo ahadi iliposhuka. Mungu hakungoja apambe habari zake. Alimwona jinsi alivyo.

Wapo watakaosema, "Lakini malaika alimwambia arudi." Ndiyo, sura ya 16. Sura ya 21 alipofukuzwa na mtoto wake, hakuambiwa arudi. Alionyeshwa kisima. Kwa hivyo asiwepo wa kumsukuma huyu dada arudi nyumba yenye ngumi ili apate karatasi. Mkipatana, mpatane kwa toba, si kwa ajili ya fomu.

Kisima chenyewe ni kipi? Kifungu hichohicho cha 15 kinamruhusu mtu aliyekaa nchini kihalali miaka saba mfululizo kuomba uraia kwa ukaaji wake mwenyewe. Kuna masharti, mojawapo kuelewa Kiswahili. Hapo mtu wa Tanga ndiye atatufundisha sisi! Njia hii ni ndefu, na kukubaliwa si lazima. Ndiyo maana asiache vibali vyake viishe, na apate wakili mapema. Watoto wake, kwa kuwa baba ni Mkenya, ni raia wa kuzaliwa.

Nilimwambia dada: barua ya uongo sitaandika. Akalia, nami sikuona raha. Kumwambia mtu "usidanganye" kisha ukaenda kula chakula chako cha mchana, hiyo si haki. Ukweli una gharama, na haifai ailipe peke yake. Kwa hivyo tutaandika barua ya kweli: tangu lini tunamjua, anavyoishi, anavyohudumu. Akina mama wawili watamsindikiza afisini. Mfuko wa huruma utasaidia ada ya wakili. Na wewe ndugu uliyehama, lete matumizi ya watoto, wala usiifanye sahihi yako kuwa hatamu.

Sisi sote tuliingizwa nyumbani mwa Mungu tukiwa wageni, bila cheti. Tusisahau.

Tuombe: Bwana uonaye, tupe ujasiri wa kusema tulikotoka, na ndugu wa kutembea nao tusikokujua. Amina.