Baba Aliyemtaja Mwanawe

Wako wasemao ya kuwa amtajaye mwanawe kwa serikali ameikana damu yake. Sisi hatukubali. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya. Mmoja wa wauaji alikuwa mwana wa chifu wa Mandera. Baba huyo alikuwa amekwisha kuwaarifu wakuu kwamba kijana ametoweka, akihofu amekwenda Somalia. Habari ile haikuwaokoa wanafunzi. Je, alimchukia mwanawe? Hasha! Amtafutaye mtoto hajamkana. Tena wana wa wenziwe nao wana baba. Tuwaogopao zaidi ni majirani wainyosheao kidole nyumba kama ile, wakisema, “Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.” Baba mwingine akisikia hayo, mwanawe atowekapo atanyamaza.