Mmemgawa Mungu Vipande

Sikilizeni, enyi mnaotaka haki ipite kwa jirani na huruma ilale kwenu. Sikilizeni, enyi mnaopiga magoti na enyi mnaotandika miswala, kisha mkamchagulia Mungu uso wa kuwajia nao. Nina neno nanyi. Nitalianzia mbali, kwa watu wa hadithini, kwa kuwa nyani haoni kundule. Huenda mkiona la wenzenu mtajitazama.

Mwaka 1996 mwandishi Mmarekani, George R. R. Martin, alitoa riwaya ya A Game of Thrones, ya kwanza katika mfululizo ulioonyeshwa kwenye televisheni kuanzia 2011 hadi 2019. Wengi wenu mmeitazama tamthilia ile hadi majogoo. Mnakumbuka majoka, panga na vichwa vilivyokatwa. Dini ya watu wale mmeisahau. Huko Westeros, bara alilolibuni Martin, wengi humwabudu Mungu mmoja mwenye nyuso saba. Baba ana mizani, naye huhukumu. Mama hurehemu, na mwenye uchungu wa kujifungua humwita. Shujaa ana upanga. Mwanamwali ndiye usafi wa ujana. Mhunzi ana nyundo, naye ni wa watu wa kazi za mikono. Bikizee hubeba taa ya hekima. Wa saba ni Mgeni, ambaye ni mauti yenyewe, na uso wake umefichwa ndani ya joho. Mahekalu yao hutumia fuwele, na mwanga ukipita humo huchanuka rangi saba, ilhali ulioingia ni mwanga mmoja. Martin, aliyelelewa katika Ukatoliki, amesema wazo hilo alilichota kwenye Utatu Mtakatifu.

Mungu huyo ametungwa. Waumini wake hawakutungwa. Nimewaona sokoni, nimewaona msibani, nimekaa nao safu moja ibadani.

Maana hawa hufanya nini? Wanajua kwa kinywa kwamba Mungu ni mmoja, lakini mshumaa wanauwasha kwa uso wenye faida siku hiyo. Aendaye vitani hupita mbele ya Mama bila kusimama. Aliyekosa hupita mbele ya Baba akiinamisha kichwa. Kwa Mgeni hakuna anayekwenda, ila aliyetengwa na watu. Wanamchambua Mungu kama nyanya za gengeni: hii nzuri, hii imebonyea, ile iache hapo hapo.

Katika riwaya ya pili, A Clash of Kings, Catelyn Stark anaingia usiku katika hekalu la kijiji. Mumewe amekatwa kichwa, na mwanawe Robb yuko vitani. Hekalu ni la kimaskini. Hamna sanamu, nyuso saba zimechorwa ukutani kwa mkaa. Anamtazama Shujaa, na katika michoro ile anamwona mwanawe, kisha anamwona pia Jaime Lannister, adui wa mwanawe. Anamwomba Mama awalinde watoto wake, na katikati ya sala anamkumbuka Cersei, malkia aliyeibomoa nyumba yake. Cersei naye ni mama. Naye alisikia watoto wakicheza tumboni. Je, naye anakuja kumwomba Mama huyu huyu? Anapofika kwa Mgeni, kivuli cheusi chenye nyota mahali pa macho, anaingiwa na wasiwasi, wala hapati faraja hapo.

Mwanamke yule, katikati ya msiba wake, aliona kwamba Mama anayemwita yeye ni Mama wa adui yake pia. Ninyi mnaomba kila siku, na hilo hamtaki kuliona.

Tukio hili mnalijua, maana mmesimama hapo. Saa mbili usiku mtu anapiga yowe la mwizi. Mtaa mzima unatoka. Kijana ameangushwa kando ya mtaro, kiatu kimoja kimemtoka, na anamwita mama yake. Mmoja anakokota tairi. Mwingine amekwenda kuomba petroli kwa bodaboda. Kesho gazeti linaandika kwamba ameuawa na wananchi wenye hasira kali, na habari inaishia hapo, kwa kuwa wananchi wenye hasira kali hawana majina. Ninyi mna majina! Na kijana akiwa wa kwenu? Mnakimbilia kituoni na bahasha. Mnamwita mjumbe, mnamwita shehe, mnamwita mchungaji. Mnasema mtoto ameponzwa na marafiki, ndiyo mara yake ya kwanza, haya tuyamalize kifamilia. Kwa mtoto wa mwenzenu mlimwita Baba, tena mkampokonya mizani mkamwachia moto. Kwa mtoto wenu mnamwita Mama. Mama huyo alikuwa wapi usiku ule? Alikuwa pale pale mtaroni. Kijana alimwita, nanyi mkapaza sauti ili wito wake usisikike.

Tazameni basi yaliyompata Cersei katika A Feast for Crows, riwaya ya 2005. Alimchukia mkazamwana wake, Margaery, akatafuta namna ya kummaliza. Kwanza alipatana na Kasisi Mkuu: deni la taji lisamehewe, na dini irudishiwe jeshi lake lililopigwa marufuku tangu enzi za wafalme wa kale. Kisha akampanga askari akaungame uongo kwamba amezini na Margaery. Kwa hesabu yake Baba angehukumu, Shujaa angekamata, na yeye angekaa pembeni mikono safi. Lakini Kasisi Mkuu, ambaye chini ya uongozi wake mataji ya dhahabu na fuwele yaliuzwa ili wenye njaa wale, hakuupokea ushahidi ule juu juu. Askari alichapwa mijeledi hadi akataja mwanamke aliyelala naye kweli, naye ni Cersei. Mijeledi ile nayo ilikuwa dhambi, lakini ilitoka katika mamlaka ambayo malkia mwenyewe aliyapa meno. Alikwenda hekaluni kwa miguu yake kumtazama mkwe wake akiwa kifungoni, akafungiwa humo humo.

Enyi mnaoshangilia mpinzani wenu akibebwa usiku bila hati, mnaosema anakoma huyo, alizidi: sheria mnayoinoa leo kwa ajili yake haitauliza kesho shingo ni ya nani.

Na Bikizee mmemfanya nini? Mdomoni mnasema penye wazee haliharibiki neno. Kanda ya Ziwa, Tanzania, bibi amepika kwa kuni na samadi kavu maisha yake yote, katika jiko lisilo na dirisha. Moshi umemla macho hadi yamekuwa mekundu. Mtoto wa jirani anaugua, mganga anapiga ramli, na macho yale yanageuzwa ushahidi. Usiku watu wanakuja na mapanga. Huko Kilifi, Kenya, mvi zimewaponza wazee namna hiyo hiyo, na mara nyingi nyuma ya neno mchawi pana shamba ambalo mtu wa ukoo analitaka. Macho yaliyoharibika kwa kuwapikia ninyi, ninyi mnayatolea hukumu ya kifo. Kisha mnamwomba Mungu awape hekima. Alikuwa amekwisha kuwapa, akaiweka katika nyumba ya pili kutoka kwenu, nanyi mkaizika.

Mhunzi mnamsifu, huku fundi aliyewapandishia ukuta akiambiwa njoo mwisho wa mwezi, na huu ni mwezi wa tatu. Mwanamwali mnamsifu kwa usafi wake, na binti akitiwa mimba mnamfukuza yeye, kisha mnakaa kikao na aliyemtia, mnapatana idadi ya ng'ombe.

Lakini kosa lenu kubwa liko kwa Mgeni.

Huko Westeros wapo wanawake waitwao masista wa kimya. Huvaa kijivu, hufunika nyuso, huapa kutosema, na kazi yao ni kuosha maiti na kuziandaa. Watu huwaita wake wa Mgeni, na wakiwaona huingiwa na baridi mwilini. Hao ndio waliomletea Catelyn mifupa ya mumewe. Mikono inayoogopwa na wote ndiyo iliyomrudisha mume kwa mkewe.

Na kwenu? Mfanyakazi wa mochwari akiulizwa kazi yake hudanganya, maana akisema kweli mkono wake haupokelewi. Mgonjwa amelala miezi sita. Kikundi cha WhatsApp cha mchango wa matibabu kiko kimya. Kila mmoja amesoma, kila mmoja amepita. Akikata roho, siku hiyo hiyo kinafunguliwa kikundi kingine, anachaguliwa mwenyekiti na mweka hazina, na siku ya tatu haijaisha pana turubai, sare, mpishi, mpiga picha, na fulana zenye sura ya marehemu akitabasamu. Fedha ya dawa haikuwepo. Ya jeneza imepatikana. Mnajua kwa nini? Kwa sababu mgonjwa anawatazama, na machoni mwake mnamwona Mgeni akiwatazama ninyi pia. Maiti imefumba macho, kwa hiyo maiti mnaimudu. Mlilomfanyia marehemu ni woga wenu tu, nanyi mmeuvika jina la heshima. Na wapo ambao hata turubai hawakupata: hospitali zinatangaza miili isiyo na ndugu, na ndugu inao, wanasoma tangazo na kunyamaza.

Msiseme kumwabudu Mungu akiwa mzima hakuwezekani. Martin huyo huyo alimwandika Kasisi Meribald, asiyejua kusoma wala kuandika, aliyehifadhi sala na maandiko kichwani. Huzunguka pekupeku katika nchi iliyochomwa na vita, kitubio cha dhambi za ujana wake, akiwa na mbwa na punda aliyebeba unga, maharage, vitunguu na machungwa kwa ajili ya maskini. Safarini anazungumzia askari waliotoroka vitani wakageuka wanyang'anyi. Hafichi kwamba ni watu wa hatari. Lakini anasimulia jinsi kijana wa shamba anavyoondoka kwao na ndugu zake akidhani anakwenda kwenye sifa, anavyowaona wakifa mmoja mmoja, anavyotembea na njaa bila viatu, hadi siku moja kitu ndani yake kinavunjika. Waogopeni, anasema, na wahurumieni pia. Ndani ya mtu mmoja yule, mnyang'anyi, ameona anayepaswa kuhukumiwa na anayepaswa kuhurumiwa. Naye aliweza kuona hivyo kwa kuwa aliwahi kuhitaji kuhurumiwa, na hakulisahau. Hivyo ndivyo Mungu anavyoabudiwa akiwa mzima.

Basi nawaonya. Uso mnaoukimbilia na uso mnaoukimbia ni wa Mungu mmoja. Hamtamwita Mama aje kwenu pasipo Baba kuja naye, akiwa na mizani, na upande mmoja wa mizani kuna kijana wa mtaroni. Mgeni atabisha kwenu hata kama hamkumwashia mshumaa maisha yenu yote, na siku hiyo mtatamani mtu mmoja tu wa kukaa kando ya kitanda.

Geukeni, na kugeuka kwenyewe ni kazi ya mikono. Yowe la mwizi likipigwa, toka, na sauti yako iseme apelekwe kituoni akiwa hai, hata ukibaki peke yako. Adui yako akionewa na wenye nguvu, usishangilie, sema ameonewa. Mlipe fundi kesho asubuhi. Mtoboleeni bibi dirisha la jiko, na mganga akitaja jina lake, uwe wa kwanza kukataa mbele ya watu. Mpe mkono mwosha maiti. Na yule mgonjwa unayemwahirisha kila wiki, nenda kwake leo na fedha ya dawa, umtazame machoni, ukae hadi amalize anachotaka kusema. Ukisubiri turubai, umechelewa.