Hatia Haigawanyiki

Wapendwa, tukipita Uwanja wa Liti hapa Singida, watoto huuliza jina hilo ni la nani. Tunawaambia habari za mama yetu wa Kinyaturu ambaye, kwa masimulizi ya wazee, aliwafukuza Wajerumani kwa nyuki. Katika simulizi hiyo mkosaji anajulikana: ni mgeni.

Lakini kusini mwa nchi yetu, miaka ileile, palikuwa na vita visivyo na jibu jepesi. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 kule Nandete, Umatumbi, watu walipong'oa pamba. Nani alivichochea? Wajerumani walisema ni mganga, Kinjikitile wa Ngarambe, wakamnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti. Vita vikaendelea hadi 1907. Basi shina halikuwa yeye. Shina lilikuwa pamba ya kulazimishwa, kodi na kiboko.

Wengi wetu huishia hapo. Mkristo anapaswa kwenda mbele zaidi. Siku kumi baadaye, Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne, wawili kati yao masista, waliuawa wakiwa safarini karibu na Liwale. Nao Wajerumani wakageuza njaa kuwa silaha: mashamba na maghala yakachomwa. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Amri ilitoka kwa wageni, lakini mikono mingi iliyowasha moto ilikuwa ya askari weusi kama sisi.

Kumbukeni shamba la Nabothi. Yezebeli aliandika barua, wazee wa mji walitii, mashahidi walisema uongo, watu walirusha mawe. Ahabu hakugusa hata jiwe moja, lakini Eliya alitumwa kwake. Hatia si ugali, kwamba wakiwa wengi mezani kila mmoja atapata tonge dogo. Kila mmoja hupewa yake nzima.

Kujua shina la ukatili ni lazima, maana asiyeling'oa ataona linachipua tena. Ila shina halimnawishi mtu mikono.

Nasema haya kwa ajili yetu. Bibi kizee anapoitwa mchawi kijijini, yupo aliyenong'ona, yupo mpiga ramli aliyetaja jina, yupo aliyeshika panga. Tupo pia sisi tuliosikia tukanyamaza, kisha Jumapili tukaja kuimba. Bwana akituuliza yuko wapi mama yule, tutamwonyesha nani?