Mvinyo Usiosumbua

"Mwepesi, hausumbui." Ndivyo watu wanavyousifia mvinyo mwekundu wa Côtes du Rhône, ule wa bei ya kawaida, na sifa hiyo ina dharau kidogo ndani yake. Ni kama tunaposema riwaya fulani "inasomeka". Kwani kitu kikipendeka bila jasho, basi ni kitupu?

Wepesi huo haukuja wenyewe. Mvinyo huu wa kusini mwa Ufaransa huchanganya zabibu za aina kadhaa. Grenache huleta utamu wa matunda na joto la kileo; Syrah rangi na harufu kama ya pilipili manga; Mourvèdre ukakasi, ule unaoshika ulimi kama bibo la mkorosho. Mchanganyaji huonja, hupima, hurudia. Mnywaji haoni kazi hiyo, na hana haja ya kuiona.

Mwaka 1757, mwanafalsafa David Hume alipoandika kuhusu kipimo cha ladha, aliazima kisa kutoka Don Quixote. Jamaa wawili wa Sancho waliombwa kuonja mvinyo wa pipani. Mmoja akasema mzuri, ila unanukia ngozi. Wa pili naye: mzuri, ila una chuma. Wakachekwa. Pipa lilipokauka, chini ukakutwa ufunguo wenye kamba ya ngozi. Kwa Hume, hiyo ni hoja kwamba ladha si mambo ya kila mtu na lake; zipo ndimi zinazosikia zaidi.

Sawa. Lakini tunasahau neno ambalo wote wawili walianza nalo: mzuri. Ufunguo ulithibitisha ngozi na chuma. Uzuri haukuuthibitisha.

Na uzuri wenyewe unahama. Onja mvinyo huu peke yake, ukakasi unakausha fizi. Tafuna kipande cha mbuzi choma chenye mafuta na chumvi, unywe tena: umelainika, matunda yamejitokeza. Jaza pilipili kali kwenye kachumbari, kileo kinachoma koo mpaka ujute. Ipi ndiyo ladha yake ya kweli? Waonjaji wa mashindano aghalabu huonja na kutema, hakuna sahani. Nawaheshimu, ila wanapima kitu cha mezani huku meza imeondolewa.

Nimewahi kukaa na mtu aliyesema, "Mimi nasikia zabibu tu," watu wakacheka. Aliyefuata akataja tumbaku, na baada yake, ajabu, kila mmoja akaisikia tumbaku. Nilimwamini yule wa kwanza peke yake. Jamaa wa Sancho nao walisema walichosikia wakachekwa, tofauti ni kwamba yeye hana ufunguo wa kumtetea. Anayemcheka mtu wa namna hiyo anamfundisha kudanganya, leo kuhusu mvinyo, kesho kuhusu vitabu. Wapo wanaosifu riwaya iliyowashinda ukurasa wa 30, eti ni nzito.

Mimi nikialikwa, nabeba chupa ile ile isiyosumbua. Naomba tu pilipili ikae pembeni.