Mizani ya Kelele ni Moja

Ndugu zetu Waislamu, huko Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, wako wakaao jirani na nyaya za umeme mkubwa, nazo huvuma, khasa mvua inyeshapo. Ni haki yao kutaka mvumo huo upimwe. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 zimeweka mpaka: usiku, sauti ndani ya nyumba isipite desibeli 35. Na mahali pa ibada pamewekewa mpaka uo huo. Je, twadai mizani kwa wengine, na vipaza sauti vyetu tuvisahau? Adhana ni wito mfupi, hatusemi hiyo. Twasema hotuba zirefushwazo usiku, na jirani mgonjwa hapati usingizi. Adaiye haki na aanze kuitoa. Wallahu aalam.