Kumnyamazia Tabibu

Watu wa nyanda za juu za Rondo, mkoani Lindi, wanaposhuka kwenda hospitali ya Nyangao au ile ya Sokoine mjini Lindi, huchukua pamoja na maradhi yao malezi ya utotoni: mdogo hamkatizi mkubwa maneno, na aibu ya mwili haitajwi hadharani. Malezi hayo ni mema. Hata hivyo yatupasa kuuliza: je, ni adabu mgonjwa kumnyamazia anayemtibu?

Wako wasemao kuwa ni adabu, nao hawakosi hoja. Aliyezoea mganga wa ramli amejifunza kuwa umahiri wa mganga hupimwa kwa kuufichua ugonjwa bila ya kuambiwa. Huyo akiulizwa na tabibu, “Unaumwa nini, bibi?” hudhani kijana hajui kazi yake, hujibu, “Mwili wote, mwanangu,” kisha hungoja. Lakini tabibu hana ramli. Darubini humwonyesha vijidudu vya malaria katika tone la damu. Haimwonyeshi mizizi iliyochemshwa jana usiku, wala siku kikohozi kilipoanza. Na mizizi si jambo dogo. Mama mjamzito aliyekunywa dawa ya kuharakisha uchungu, asiseme, kisha akaongezewa nyingine hospitalini, mfuko wake wa uzazi waweza kupasuka. Wahenga walionena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua walikwisha kuliona hilo.

Wengine huzilaumu mila kwamba ndizo zituzibazo midomo. Hapo sikubaliani nao. Wamwera, Wamakonde na Wayao wamewafunda vijana wao jandoni na unyagoni kwa vizazi vingi, na huko mambo ya mwili hufundishwa waziwazi. Mila haikuyakataza maneno hayo. Iliyapangia mahali pake na watu wake. Chumba cha tabibu nacho na kihesabiwe kuwa mahali pa namna hiyo. Mzee wa miaka 60 aonaye haya kumweleza binti wa makamo ya mjukuu wake habari za mkojo, aombe tabibu mwanamume. Ombi hilo ni haki yake, wala si dharau.

Kuna na kimya cha pili, ambacho aghalabu hatukitambui kwa kuwa kina sauti: kile cha kuitikia “Ndiyo, daktari” bila ya kuelewa. Chukua dawa mseto ya malaria iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2006. Dozi ya pili humezwa baada ya muda wa saa 8, na zifuatazo asubuhi na jioni, hadi siku 3 zitimie. Mgonjwa akiambiwa tu, “Dozi ya pili saa 8,” naye amemeza ya kwanza saa 4 asubuhi, atameza ya pili saa 8 mchana, ilhali ilimpasa kungoja hadi saa 12 jioni. Sisi washairi twapenda neno lenye maana mbili. Juu ya bahasha ya vidonge halina uzuri wowote. Laiti mgonjwa angesema, “Ngoja nikurudilie ulivyoniambia, unirekebishe,” kosa lingeonekana palepale mezani.

Hata hivyo, si haki kumtwika mgonjwa mzigo wote. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wananchi wapatao milioni 2 waliketi vikundi vikundi, wakasikiliza redio na kujadiliana juu ya malaria na kichocho. Waliweza kuuliza kwa kuwa walikuwa wenzi kwa wenzi. Mbele ya tabibu mwananchi huketi peke yake, na foleni ipo mlangoni. Akikemewa kwa kutumia mitishamba, atakuja tena na kusema hakutumia kitu. Kwa hiyo anayepaswa kulifungua zungumzo ni yule mwenye madaraka: amwamkie mzee shikamoo, aulize dawa za nyumbani bila ya kucheka, amwache amalize. Na bibi akiwa anakimudu Kimwera kuliko Kiswahili, aitwe muuguzi mwenyeji awe mkalimani, wala asitumiwe mtoto aliyemsindikiza, kwani yako mambo ambayo bibi hatayapitisha katika kinywa cha mjukuu wake.